Mchango wa ulinzi shirikishi Dodoma: uwe lazima au ubaki hiari?

Mleta mada, Nkuhungu

Ndugu zangu, hoja ni moja. Kila kaya ilipe kiasi maalumu kila mwezi kwa ajili ya vijana wa lindo, na asiyelipa achukuliwe hatua? Au mchango uendelee kuwa wa hiari kama ulivyo kwenye mitaa mingi?

Mimi nasema uwe lazima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Gawanya kwa kata 41, kila kata inabeba wastani wa watu zaidi ya 18,600, na mtu wa polisi aliyepangiwa kukaa na kata hiyo ni Mkaguzi Kata mmoja. Hawezi kuzunguka Nkuhungu nzima usiku, sembuse Nala au Iyumbu ambako nyumba yenye watu imezungukwa na mapagala na viwanja vitupu. Mwizi wa huko anataka nondo, mabati, nyaya, grili za madirisha na mita za maji. Mali hiyo inauzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu kabla jua halijapanda.

Chukua mtaa wa kaya 400. Kwa shilingi 2,000 kila kaya unapata 800,000. Vijana 8 kwa 100,000 kila mmoja, hela imekwisha na tochi hazijanunuliwa. Wakilipa nusu tu ya watu, mwezi wa pili vijana wanne wanaacha. Mwezi wa tatu waliobaki wanaanza kupekua mifuko ya wapita njia ili wajilipe wenyewe. Hapo ndipo hiari inapotufikisha.

Mwanasheria, Makole

Mleta mada, hesabu yako naikubali ila hitimisho silikubali. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria. Hapa wengi wanachanganya kijiji na mtaa. Kijiji kina halmashauri yake, na sheria inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mtaa ndani ya jiji hauna uwezo huo. Hata mkutano wa wananchi ukinyoosha mikono yote, yanayopatikana ni makubaliano ya majirani. Si amri ya kumbana asiyehudhuria.

Mkitaka ulazima, njia ipo na ni ndefu. Hoja itoke kamati ya mtaa, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike Baraza la Madiwani, rasimu itangazwe ili wananchi watoe maoni, Waziri aidhinishe, kisha ichapwe kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo, kiongozi anayekataa kugonga muhuri barua ya utambulisho ya mtu anayefuatilia kitambulisho cha taifa au dhamana ya nduguye, kwa sababu hajalipa ulinzi, anatumia ofisi ya umma kudai deni lisilo la kisheria. Na kijana wa lindo anayebeba jiko la gesi la mdaiwa "kama rehani" anaweza kushtakiwa kwa wizi au unyang'anyi.

Mpangaji, Chang'ombe

Kabla ya lazima au hiari, tuelezane kaya ni nini. Nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita inadaiwa 12,000. Ukivuka barabara kuna jumba la ghorofa lenye geti, ua na magari mawili, linadaiwa 2,000. Mwenye nyumba ya wapangaji anaishi mkoa mwingine na hadaiwi kitu, ingawa bati linaloibwa ni lake. Duka la dawa, baa na wakala wa pesa za simu, ambao ndio wanaolengwa zaidi na wezi, mara nyingi wanahesabiwa kama kaya za kawaida.

Hesabu ikienda kwa jengo badala ya jiko, na biashara zikapangiwa kiwango chake cha juu, wapangaji watalipa bila kufukuzana. Halafu msimtume mjumbe wa nyumba kumi kukusanya. Balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali ya mtaa. Wapo watakaogoma kulipa kwa sababu hiyo peke yake.

Askari mstaafu, Kikuyu

Nimesoma yote. Mnabishana juu ya mfuko wakati tundu liko kwingine. Lindo linapoteza maana saa ile mtuhumiwa anapokamatwa, na shilingi 2,000 hazizibi tundu hilo, ziwe za lazima au za hiari.

Utaratibu huu una historia. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi baada ya vita vya Uganda, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Polisi jamii, yaani polisi kushirikiana na wananchi kuzuia uhalifu, ilisukumwa na Inspekta Jenerali Said Mwema aliyeshika uongozi mwaka 2006. Zote mbili zilifanya kazi pale tu lindo lilipojua mahali kazi yake inapoishia.

Raia anaweza kumkamata anayemwona akitenda kosa, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mtaa hauna mahabusu. Kumfungia mtu kwenye ofisi ya mtendaji hadi asubuhi "akili zimrudie" ni kosa jingine, na wakili wake ataanzia hapo hapo. Faini nayo inatolewa na mahakama au mamlaka iliyopewa uwezo huo na sheria, si lindo. Mlinzi anayepokea 5,000 ya "uzururaji" saa 7 usiku amechukua hela ya mtu, basi.

Basi fanyeni hivi. Mtu akikamatwa, mmoja wenu apige 112 au namba ya kaunta ya kituo, mwingine aangalie saa na kuitaja kwa sauti wote wasikie. Msimpige. Mtuhumiwa akifika kaunta anavuja damu, zinahitajika PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na safari ya hospitali kwanza, mpelelezi anaanza na majeraha badala ya wizi, na walinzi wenyewe wanageuka watuhumiwa. Msiingie nyumba ya mtu kupekua, upekuzi ni kazi ya polisi na una hati na mashahidi wake. Mali aliyokutwa nayo ishikwe na mtu mmoja kutoka eneo la tukio hadi kaunta. Ikipita mikono minne, mahakamani kila mkono utaulizwa, na mmoja akikosekana kielelezo kinaweza kufa.

Kituoni msiondoke bila maelezo yenu kuandikwa na bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo. Hili ndilo linaloua kesi kuliko yote: vijana wanamwacha mtu kaunta, wanarudi kulala, na asubuhi mpelelezi ana mtuhumiwa asiye na shahidi na saa 24 za kumshikilia kabla ya kumfikisha mahakamani zinakimbia. Akipewa dhamana, mtaa mzima unasema polisi wamehongwa. Mara nyingi jalada la kesi ndilo lilikuwa tupu.

Mwenye mali naye ana wajibu. Aeleze alama za kitu chake kabla ya kuonyeshwa. Simu ina namba yake ya utambulisho, IMEI, bonyeza *#06# leo uiandike pembeni. Runinga ina namba nyuma yake. Nondo zote zinafanana, kwa hiyo paka ncha zake rangi yako siku zinaposhushwa kwenye gari, na risiti uiweke.

Katibu wa lindo la zamu, Mkonze

Shikamoo mzee. Hayo ya mwenye mali yabandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa.

Kuhusu hela, mbona hatuzungumzii zamu? Kaya hizo hizo 400, watu 10 kila usiku, kila kaya inafikiwa baada ya usiku 40, yaani mara 9 kwa mwaka. Hakuna mshahara. Watu 10 wanagawanywa wawili wawili, jozi nne zinazunguka na moja inakaa kwenye kituo cha lindo na simu yenye chaji. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri. Njia ibadilishwe kila siku, maana lindo linalopita kona moja saa ile ile linampangia mwizi ratiba. Filimbi mbili fupi ni kuitana, moja ndefu ni hatari. Vizibao vya kung'aa viwe na namba, si majina, na virudishwe asubuhi, kwa sababu kizibao kilichobaki nyumbani kwa mtu ndicho kitakachovaliwa siku ya uhalifu.

Zamu inavunjika wapi? Mtumishi anasafiri kikazi na kumtuma kijana wa kazi mwenye miaka 15. Mwingine anasaini saa 4, saa 5 yuko kitandani. Dawa yake ni kuita majina mara mbili, kuanza na kumaliza. Wajane, wazee na wagonjwa wasamehewe kabisa, wasiambiwe watafute mbadala.

Mleta mada

Katibu, zamu inafaa mtaa ambao watu wanajuana. Nzuguni au Iyumbu nusu ya majirani wamehamia juzi, na wanafunzi wanabadilika kila mwaka wa masomo. Utampa kizibao na filimbi mtu usiyejua jina lake la pili?

Katibu wa lindo la zamu, Mkonze

Ndiyo, nitampa, akiwa na mwenzake anayejulikana. Usiku tisa kwa mwaka ndio unaomfanya ajulikane. Vijana wanane wa kulipwa hawatawafahamisha majirani 400.

Kiongozi wa kituo cha bodaboda, karibu na stesheni ya SGR (reli ya kisasa)

Tunaofanya kazi usiku ndio tunaoumia na malindo haya. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, na treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma ilipoanza mwaka uliofuata, abiria wanashuka usiku na mizigo. Mlinzi wa mtaa anamwona mgeni na begi, anamwona mwizi. Wahudumu wa hoteli na wauguzi wanaotoka zamu nao wanasimamishwa.

Kila kituo cha bodaboda kina orodha ya madereva na namba za pikipiki. Lindo lichukue nakala, na Mkaguzi Kata awe nayo. Dereva wa usiku anaona pikipiki isiyo na namba ikizunguka mtaa mara tatu. Mlinzi aliyekaa kwenye kona haioni.

Mwanasheria, Makole

Swali kwa wanaotaka vijana wa kulipwa. Kijana akichomwa kisu saa 8 usiku, mwajiri wake ni nani? Mwenyekiti? Kamati? Anayelipwa kila mwezi, akipangiwa saa na kusimamiwa, anakaribia sana kuwa mwajiriwa, na mtaa haujamwandikisha kwenye mfuko wowote wa fidia. Familia yake itapitishiwa bakuli la mchango msibani. Hilo linaniuma kuliko suala la risiti za michango.

Mhasibu, Ipagala

Risiti nazo zinauma, Wakili. Mwenyekiti asishike fedha taslimu hata siku moja. Ifunguliwe akaunti ya kikundi ambayo haitoi hela hadi watu watatu waidhinishe, mmoja wao akiwa mpangaji. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila tarehe 5, pamoja na idadi ya waliolipa. Majina ya wasiolipa yasibandikwe.

Mleta mada

Wakili amenibana. Bado nataka ulazima, ila upite kwa madiwani kama alivyoeleza, na kwa jengo kama alivyosema dada wa Chang'ombe. Kwa hiyo katika kipindi cha kusubiri, tumbane vipi anayekataa?

Mpangaji, Chang'ombe

Msimbane. Mhudumieni barua yake kama wengine, na mkija kumwomba tena mwezi ujao mje na ule ubao wa mapato.

Askari mstaafu, Kikuyu

Na mje na daftari la lindo. Kurasa ziwe na namba, liandikwe kwa peni, kosa likatwe kwa mstari mmoja na kusainiwa. Mkaguzi Kata alipitie na kulisaini kila wiki. Ukurasa ukichanwa, hata kwa nia njema, lile lote linaweza kutiliwa shaka mahakamani.