Wauza mawe hai wa Dar, mnatuuzia wadudu halafu mnatuambia tukachemshe?

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa samaki wa maji baridi, maana kule ukitaja aiptasia (mnyama gugu wa bahari mwenye umbo la ua) unaulizwa kama ni dawa ya kuhara.

Kuna duka hapa mjini, jina silitaji, ila wenye matangi ya samaki wa maji chumvi mtakuwa mmeshalijua. Linauza mawe hai kwa kilo. Kwa wageni wa haya mambo: mawe hai ni vipande vya mwamba wa matumbawe yaliyokufa, vimejaa vitundu, na ndani ya vitundu hivyo wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Bila hao bakteria samaki wako anakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Kwa hiyo jiwe siyo pambo, ndiyo mtambo wenyewe wa tangi. Ndiyo maana nilikubali kutoa 25,000 kwa kilo bila kubishana, kwa sababu jamaa aliniambia bila hata kupepesa macho kwamba mawe "yameshakaa". Maana yake yalishalazwa dukani kwenye beseni la maji chumvi na pampu, wiki kadhaa, mpaka kilichokufa kimeoza kikaisha na wasiohitajika wameshatolewa.

Yamekaa wapi, jamani? Jiwe la kwanza kutoka kwenye ndoo lilikuwa na kipande cha sponji kinachonuka kama soko la samaki la Feri saa nane mchana. Sponji iliyokaa wiki kadhaa kwenye beseni inakuwa imeshaisha kitambo. Lile jiwe lilikuwa baharini juzi.

Usiku nikazima taa za tangi, nikafunga nailoni nyekundu kwenye tochi (viumbe wengi wa usiku hawashtuki sana na mwanga mwekundu), nikaanza kumulika. Wakuu, nilikuwa nimenunua mtaa mzima na wapangaji wake.

Niseme ukweli, mnyoo wa manyoya simlalamikii. Wengi wakimwona wanapiga kelele, lakini yule anakula mabaki ya chakula na samaki waliokufa mchangani, ni mfagizi. Ubaya wake ni yale manyoya meupe ubavuni, ukimshika kwa mkono mtupu yanakatikia kwenye ngozi na kuwasha balaa. Yatoe kwa selotepu, paka siki, vaa glavu siku nyingine. Basi.

Kaa ndiye aliyenichefua. Mdogo, miguu ina nywele, ncha za magando nyeusi. Nimemwona kwa macho yangu akipanda taratibu juu ya zoa zangu za kijani (viumbe jamii ya matumbawe, wanaonekana kama vijiua), gando moja limeshika ukingo wa jiwe, lingine linachuna ua moja moja na kupeleka mdomoni. Nilipomulika karibu akarudi kinyumenyume tunduni na kipande bado kakishika. Nilimpata kwa chupa ya maji ya kunywa: kata shingo, igeuze iingie ndani ya chupa, weka kipande cha kamba mbichi, laza karibu na tundu lake. Asubuhi yumo, kavimba macho.

Halafu kuna mlio. Tak! Kimya. Tak! Nikampigia muuzaji, naye akanijibu, nanukuu: "Hiyo ni glasi inajinyoosha bosi wangu, tangi jipya hilo." Glasi inajinyoosha! Mlio huo ni wa kamba wa aina mbili. Kuna yule mdogo anayefyatua gando lake moja kubwa, huyo hana shida na mtu. Na kuna kamba mpigaji, ambaye ngumi yake inapasua magamba ya konokono na kaa. Yule mkubwa wa rangi za tausi amepimwa akipiga kwa kasi ya hadi mita 23 kwa sekunde. Namna ya kuwatofautisha ni kuangalia sakafu ya tangi. Ukikuta makombe ya konokono wako yamevunjwa vipande, usimsikilize mtu wa glasi. Mimi nilikuta. Nililitoa jiwe, nikaliinua juu ya ndoo na kumimina maji ya soda, yale ya gesi yasiyo na sukari, kwenye tundu kwa sindano isiyo na ncha, na bwana mkubwa akachomoka mwenyewe.

Sasa aiptasia. Hapa ndipo hasira zangu zilipo.

Siku ya kununua niliona juu ya jiwe moja vitu vidogo vya kahawia, kama vimetengenezwa kwa maji, vina mikono myembamba kuzunguka mdomo. Nikauliza. Jibu: "Hayo maua ya bahari kaka, hiyo bonasi, wengine tunawauzia." Bonasi! Aiptasia ni anemoni gugu. Anachoma matumbawe ya jirani mpaka yanajikunja na kufa, na ukimgusa anazama tunduni kabla hujapepesa. Ukimkata ndiyo umemzidisha, kwa sababu kipande kidogo cha nyama ya mguu wake kikibaki kwenye jiwe kinaota na kuwa anemoni kamili. Nilipompigia tena jamaa kulalamika, ushauri wake wa kwanza ulikuwa nichukue kisu cha jikoni nikwangue. Mtu anauza viumbe wa bahari kila siku ya Mungu na hajui hilo?

Ushauri wa pili ulikuwa kamba. Akaniambia anao kamba wanaokula aiptasia, "pepaminti original". Nikaenda hadi dukani. Nikaona kamba mwekundu mwenye mistari na madoa meupe, mgongo umenyanyuka nundu, macho makubwa. Huyo siyo pepaminti! Pepaminti wa kweli anayejulikana kwa kazi hiyo, Lysmata wurdemanni, ni wa Atlantiki ya magharibi, mwili wake unaonyesha ndani na mistari yake myekundu haina ule weupe. Mwenye nundu ni Rhynchocinetes durbanensis, kamba ngamia, yupo bahari zetu hizi, na sifa yake kubwa kwenye matangi ni kudonoa zoa na matumbawe laini. Yaani nina wa kwanza anayekula matumbawe, naongezewa wa pili kwa hela yangu.

Ushauri wa tatu, chupa ya dawa ya buluu, "inaua minyoo yote na hayo maua". Nikageuza chupa nikasoma. Shaba. Mrututu! Shaba ni dawa halali ya samaki mwenye madoa meupe, akiwa peke yake kwenye tangi la karantini lisilo na mawe. Kwenye tangi la matumbawe inaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe, halafu inanywewa na mawe na kuja kukusumbua baadaye. Nikamrudishia chupa yake mezani.

Ushauri wa nne ndio uliofanya nije humu. Ujumbe wa sauti, ninao: "Kaka kama wamekushinda, yatoe mawe yote, chemsha kwenye sufuria kubwa, wanakufa wote, unarudisha."

Msichemshe mawe hai. Narudia kwa herufi kubwa: MSICHEMSHE MAWE HAI. Kwenye mawe kunaota zoa na ndugu zao palithoa, na baadhi yao wana sumu inayoitwa palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazojulikana kutoka kwa kiumbe hai. Iliainishwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka palithoa wa Hawaii. Ukichemsha jiwe, ukilimwagia maji ya moto, hata ukilisugua kwa brashi kwa nguvu, sumu inaweza kuruka na mvuke au matone na ukaivuta. Kuna familia nzima huko nje zimelazwa hospitali kwa sababu mtu mmoja alisafisha jiwe jikoni: homa, kikohozi, kifua kubana, misuli kuuma, ladha chungu mdomoni. Dawa maalumu ya kuipinga haipo, unatibiwa dalili. Sasa fikirieni nyumba zetu za kupanga, jiko na sebule ni pua na mdomo, mtoto amelala hapo hapo, na mtu anafuata ujumbe wa sauti wa muuza duka. Huu siyo utani wa biashara tena.

Na mawe yenyewe yanatoka wapi? Niliuliza. "Kule visiwani bosi." Visiwa gani? Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari ipo. Nikaomba kuona kibali, akacheka akageukia mteja mwingine. Kama kibali unacho, kinakuwashia nini kukibandika ukutani?

Ninachodai ni kidogo sana. Lazeni mawe kwenye beseni, pampu izunguke, badilisheni maji mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri. Kabla ya kuuza, lichovyeni kila jiwe dakika moja hivi kwenye maji yaliyozidishwa chumvi, kipimo cha uzito wa maji kipande kutoka 1.025 hadi 1.035, muone kaa na kamba wanavyokimbilia nje. Gharama ya chumvi ongezeni kwenye bei, tutalipa. Kama hamtaki kufanya hivyo, uzeni kama mawe mabichi kwa bei ya mawe mabichi, na mteja aambiwe. Hela yangu ya mawe sitaki tena, nataka wafute ule ushauri wa kuchemsha kwa kila mteja waliyempa.

Nyongeza: naona wadau mmeuliza mambo, najibu kwa pamoja.

Anayeuliza aiptasia nimewafanyaje: chokaa ya kalkwaser, ikorogwe na maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine) iwe uji mzito. Zima pampu zote, sogeza sindano taratibu, mfunike mdomo wote kabla hajazama. Subiri kidogo ndipo uwashe pampu. Usipige wengi siku moja, pH itapanda ghafla na matumbawe yatalipa. Maji ya limao au siki kwa sindano ya famasi navyo vinafanya kazi ukimchoma katikati. Kuna pia konokono asiye na gamba anaitwa Berghia, chakula chake ni aiptasia tu, lakini hapa Dar sijamwona dukani.

Aliyesema "kama hutaki wadudu nunua mawe makavu": sawa mkuu, ila mimi nililipia yaliyolazwa na nikapewa yaliyovuliwa juzi. Mada ni hiyo.

Anayetetea duka kwamba "yule jamaa ni mtu poa": sijasema ni mtu mbaya. Nimesema anauza asichokijua.

Na wewe uliyeweka picha ya yale makombe uliyopewa bure ya kupamba, hilo la tatu lenye umbo la koni na michoro ya kahawia, kama bado lina mwenyewe ndani usilishike kabisa, na mwambie dogo asiingize mkono humo. Konokono wa koni wana mshale wa sumu, na yule wa ramani, Conus geographus, ameshaua watu. Mtoe kwa koleo refu, kisha njoo PM na picha ya karibu tumtambue.