Mbwa jike aina ya Maltese wa kilo 2.5: nimpandishe au niache?

Wa_Tabata
Wakuu, naomba ushauri. Nina Maltese jike, miezi 18, kilo 2.5, chanjo zote anazo. Joto la pili (kipindi cha kutaka dume) liliisha mwezi jana. Jirani ana dume wa kilo 4, malipo anayotaka ni mtoto mmoja. Nataka kuzalisha kwa utaratibu, si kumtesa mbwa. Joto linalofuata litafaa?

FundiMabanda
Anza na magoti, dada, dume baadaye. Mbwa wadogo wana tatizo la pia ya goti kuhama, nalo hurithiwa. Mlaze ubavu, nyoosha mguu wa nyuma polepole, sukuma hiyo pia ya goti kwa kidole gumba kuelekea ndani. Ikihama, hata ikirudi yenyewe, daktari wa mifugo aipime. Mbwa anayerukaruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja wa nyuma kisha akatembea kama kawaida, huyo si wa kuzalisha. Dume naye akaguliwe hivyo hivyo, na wote wapimwe ugonjwa wa brusela: huharibu mimba na humpata hata binadamu.

Halafu huo uzito. Kilo 2.5 kwa dume wa kilo 4 mimi sikubali. Nyonga ni nyembamba, na mtoto akiwa peke yake tumboni hukua mpaka akakwama.

Saa8Usiku
Naongezea: kabla ya kupandisha, mjue daktari atakayempasua usiku wa manane, na pesa ya upasuaji iwe mkononi. Huna hivyo viwili, acha.

Mimba ni kama siku 63. Eksirei baada ya siku ya 55 inahesabu watoto. Kuanzia siku ya 58 pima joto la mwili asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, kwa kawaida anazaa ndani ya saa 24. Kimbilia kwa daktari akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ukiona ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, maana kondo limeshaachia.

Wa_Tabata
Nimeshanunua vidonge vya kalsiamu. Nampa akiwa na mimba?

Saa8Usiku
Hapana, usimpe! Mwili ukizoea ya vidonge unaacha kuchota ya mifupani, na akinyonyesha kalsiamu inashuka ghafla: anahema, miguu inakakamaa, anatetemeka, degedege. Mpe chakula cha watoto wa mbwa, inatosha.

MizaniYaJikoni
Watoto nao: mtoto wa gramu 120 hana akiba ya mafuta. Mpime kila siku saa ileile. Asipoongezeka, kuna shida. Wiki ya kwanza sanduku liwe na nyuzi 29 hadi 32. Tumia chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, kamwe si jiko la mkaa chumbani, gesi yake isiyoonekana inaua. Aliyepoa usimnyweshe maziwa, utumbo wake umesimama. Mpashe joto polepole kwanza. Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8. Asiondoke kabla ya wiki 8, na mnunuzi akishindwa kumlea amrudishe kwako.

Wa_Tabata
Goti la kulia limehama nilipolisukuma. Nimemwambia jirani hapana.

FundiMabanda
Umefanya vizuri. Daktari akiangalia goti, muulize pia kuhusu kumfunga kizazi. Subiri miezi miwili mitatu tangu joto liishe, mishipa itulie, damu isimwagike nyingi mezani.