Mikutano mikuu ya vyama: kila mwenye simu aruhusiwe ukumbini?

Bwana Shamba wa Kibaigwa
Wakuu, tujadili bila matusi. Usiku wa tarehe 21 Januari 2025 sikulala, nafuatilia CHADEMA wanachagua mwenyekiti, Mbowe na Lissu, pale Mlimani City, Dar. Bando la kwanza liliisha kabla ya saa sita, nikaunga jingine. Kufika saa tisa nina matokeo matatu. Grupu la ukoo Mbowe kashinda. Grupu la wakulima wa alizeti Lissu kashinda kwa kura mia mbili. Jamaa mmoja wa YouTube kaandika KIMENUKA kwa herufi kubwa, ukifungua video watu wamekaa wanapiga miayo. Asubuhi ndiyo tukajua: Lissu 513, Mbowe 482.

Swali: chama kikifanya mkutano mkuu, kuna faida gani kujaza ukumbi watu wenye simu na vijiti vya selfie? Si waingie waandishi wenye vitambulisho, watuletee habari iliyopikwa ikaiva? Hawa wengine tunawajua, wamefuata bahasha na pilau.

Tripodi Moja
Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nakubaliana na wewe mpaka mstari wa mwisho. Mimi ni mmoja wa hao wenye vijiti. Niliingia ukumbini asubuhi ya tarehe 21, nikatoka kesho yake jua liko juu. Pawabenki mbili, moja ya kuazima. Laini tatu, maana watu elfu na zaidi wakiwasha data chini ya paa moja mtandao unalala. Bando hela yangu. Bosi alisema atarudisha, nadhani bado anatafuta chenji. Hiyo bahasha ilipita upande gani?

Kisima cha Kale
Bahasha huijui, ila "nauli" unaijua. Tuendelee.

Dada wa Mwanjelwa
Bwana Shamba umesema mwenyewe unataka habari iliyopikwa 😂 Basi usilalamike ukipewa.
Halafu bahasha hazikuanza na YouTube. Hao wenye vitambulisho ndio waliozilea. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari moja moja, ikitoka gazetini. Isipotoka amekula hasara ya bodaboda. Unadhani ile karatasi ya kusaini majina mlangoni kwenye semina ni ya mahudhurio?

Bwana Shamba wa Kibaigwa
Marahaba kijana. Sikukusema wewe. Nilisema wengi wao.

Tripodi Moja
Mzee, umeandika "hawa wengine tunawajua". Mimi ni hao wengine.

Mzee wa Area D
Mnabishania bahasha, Dodoma ya Julai 2015 mmeisahau? CCM walirudisha fomu za kuwania urais watu 38. Mji umejaa, ukipata godoro sakafuni unashukuru Mungu. Yale majina matano, Membe, Magufuli, Migiro, Makamba na Amina Salum Ali, sisi tuliyaona Twitter usiku. Wajumbe wa NEC, ile Halmashauri Kuu ya chama, walivyoimba kwamba wana imani na Lowassa aliyekatwa, mwenyekiti akiwepo ukumbini, nchi nzima ikajua. Enzi za zamani tungeambiwa kikao kimekwisha salama, wajumbe wameonyesha mshikamano.
Magufuli akaibuka na kura 2,104, asilimia 87. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi, kwa sababu tulikuwa tumekesha nao.

Kisima cha Kale
Mzee na wewe ulikuwa unaimba?

Mzee wa Area D
Heshima kitu cha bure, bwana mdogo. Mimi nilikuwa nauza maji nje ya ukumbi.

Kisima cha Kale
Samahani mzee wangu. Ila hujajibu.

Nyuki Asiye na Mzinga
Tatizo ni neno "vitambulisho". Nani anavitoa? Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni: maombi laki moja, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Bloga wa Songea anaandika habari za mahindi na misiba, milioni mbili na laki moja aitoe wapi? Jukwaa la JamiiForums lenyewe lilizima Juni mwaka huo. Ada zimekuja kupunguzwa, sawa, lakini waliofunga wengi hawakurudi. Leo anakuja mtu kwa hiari yake kudai vitambulisho, kama tumepungukiwa mageti.

Bwana Shamba wa Kibaigwa
Nimesema vitambulisho, sikusema leseni. Msinilishe maneno.

Nyuki Asiye na Mzinga
Mzee, huku kwetu hayo ni mapacha.

Mbeba Boksi wa Minneapolis
Huku Marekani waliamua zamani. Mwaka 2004 Boston, mkutano wa Democrat, mabloga wachache wakapewa vitambulisho kama waandishi wengine. Ndio ule mkutano Obama alipata jina. Magazeti yaliwacheka kwanza, baadaye na wao wakaanzisha blogu.

Dada wa Mwanjelwa
Kila uzi lazima upite Marekani kuchukua viza. Kaka, blogu ya Michuzi ilikuwepo 2005, mwaka mmoja tu baada ya hiyo Boston yako. Tumeangalia picha za mikutano mikuu humo mpaka tunajua nani anasinzia kikao gani.

Mbeba Boksi wa Minneapolis
Nimetoa mfano tu dada, mbona ukali?

Kisima cha Kale
Michuzi aliianza akiwa Helsinki lakini. Kwa hiyo viza ilihitajika 😂

Ndimu ya Shurua
Naomba niseme jambo moja kabla hamjarudi kwenye bahasha. Matokeo ya Mlimani City yalianza kuthibitika pale Mbowe mwenyewe alipompongeza Lissu kule X, kabla hayajatangazwa rasmi. Aliyeshindwa ndiye katoa habari, kwa simu yake. Mwandishi mwenye kitambulisho angezuia nini hapo? Na uvumi ulikuwa mbio WhatsApp, ambako hakuna kamera hata moja. Kura 31 ndizo zilizotenganisha watu wawili. Ukizima kamera kwenye tofauti ndogo hivyo, asubuhi mna vyama viwili.

Upande wa pili, kamera zisituleweshe. Tarehe 18 na 19 mwezi huohuo CCM walikuwa Dodoma, mubashara mwanzo mwisho. Ajenda tuliyoijua ni kujaza kiti cha Makamu Mwenyekiti Bara, akapata Wasira. Mara likapita azimio na mgombea urais tayari, Mama Samia. Tuliona kila kitu, isipokuwa pale lilipoamuliwa.

Tripodi Moja
Dada wa Mwanjelwa, hapo kwenye karatasi ya kusaini umenigusa. Si wote. Kuna siku nimesaini, nikapewa chupa ya maji na kalamu.

Dada wa Mwanjelwa
Kalamu ya chama gani?

Tripodi Moja
Sisemi.

Kisima cha Kale
Huyo ameshajibu.

Mjumbe Mstaafu
Mimi nimewahi kuwa mjumbe, chama msiulize. Simu ukumbini ina kazi moja ambayo hakuna anayeitaja humu: mgombea aliyekulipia nyumba ya wageni anataka ushahidi. Unapiga picha karatasi ya kura, unamrushia, unamaliziwa. Wekeni kamera za wanahabari mia mbili kama mnataka. Simu ya mjumbe ndiyo iachwe mlangoni.

Nyuki Asiye na Mzinga
Ulimaliziwa?

Mjumbe Mstaafu
Nilipiga picha, kisha nikapiga kura nyingine.

Kisima cha Kale
Karatasi mbili?? Wajumbe si watu. Tangu 2020 tunaambiwa.

Mjumbe Mstaafu
Karatasi moja, kijana. Tiki ya penseli, picha, kifutio, halafu kalamu ya wino. Sisi tumesoma shule za zamani.

Mzee wa Area D
Uongo huo. Kura ya penseli ingeacha alama, msimamizi angeiharibu.

Mjumbe Mstaafu
Wewe si ulikuwa nje unauza maji?

Mzee wa Area D
Maji ndiyo yanayosikia kila kitu. Nyie mkitoka nje ndiyo mlikuwa mnahesabiana mbele ya deli langu.

Dada wa Mwanjelwa
Tarehe ngapi hiyo, na nani alihesabu? Mzee usituache hewani.

Bwana Shamba wa Kibaigwa
Jamani, swali langu lilikuwa wenye simu na vijiti. Tumefika kwenye kifutio. Ndimu ya Shurua kasema jambo la maana, hakuna aliyemjibu.

Kisima cha Kale
Mleta uzi, ulileta pilau mwenyewe. Tripodi, tumalize hili: usiku ule mlikula nini?

Tripodi Moja
Wali maharage, nje getini. Shilingi elfu tatu, nimelipa mimi.

Bwana Shamba wa Kibaigwa
Basi pilau naifuta. Bahasha nabaki nayo.