Matairi ya meno kwenye BMW GS: upepo kiasi gani kuelekea Ziwa Turkana?

Swali

Habari zenu, ndugu wapanda pikipiki. Mwezi ujao ninakusudia kutoka Nairobi hadi Loiyangalani kupitia Marsabit, Maikona na North Horr, kisha nirudi kwa njia ya South Horr, Baragoi na Maralal. Pikipiki yangu ni BMW R 1250 GS, yenye uzito wa kilo 249 kabla sijapakia mzigo wowote, na nimeshaifunga matairi ya meno ya Continental TKC 80. Mwaka jana, nikiwa na matairi ya lami, nilianguka mara tatu katika mchanga wa laga moja, yaani mto mkavu wa msimu. Je, haya mapya yatanitosha, na upepo niushushe hadi kiasi gani?

Jibu la kwanza

Ndugu, matairi umechagua vyema, ila nachelea kwamba unayatwika kazi isiyo yake. Meno huchimba na kushika udongo, lakini hayapunguzi hata kilo moja. Mchangani, gurudumu la mbele likianza kuyumba, mtu aliyeketi hushtuka akaachia mafuta, uzito ukahamia mbele, usukani ukajikunja, naye akajikuta chini. Simama juu ya vikanyagio, bana tangi kwa magoti, rudisha kiwiliwili nyuma kidogo, tazama mbali, na uendelee kutia mafuta kwa mkono mtulivu, hata kama moyo unakuambia usimame. Rimu yako ya mbele ni ya inchi 19, ambayo hujichimbia upesi kuliko ile ya inchi 21 ya Honda Africa Twin, kwa hiyo mwendo wa kusitasita ndio utakaokuangusha. Kuhusu upepo, kwenye lami ni psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 36 mbele na 42 nyuma. Mchangani mimi hushuka hadi 22 na 25.

Jibu la pili

Naafiki yote kuhusu mchanga, lakini ukifika Loiyangalani na upepo huo, usiendelee nao kuelekea South Horr, kwa sababu njia ile hupita juu ya mawe ya volkano. Niliwahi kupinda rimu huko kwa uvivu tu wa kutojaza tena. Rimu zako za spoku hazihitaji tyubu, hivyo pancha ya kawaida huzibwa kwa utambi wa mpira unaosukumwa ndani ya tundu, pale pale njiani. Ukingo wa rimu ukibonyea, hata hivyo, upepo huvuja na utambi haufai kitu. Beba pampu ndogo ya umeme. Jangwa la Chalbi, kati ya Maikona na North Horr, likiwa kavu ni gumu kama sakafu, lakini baada ya mvua udongo wake hujaza nafasi kati ya meno, tairi likateleza kama lisilo na meno kabisa, na hapo dawa ni kusubiri tu. Zaidi ya kilomita 500 za lami hadi Marsabit nazo uziheshimu: meno hunesa unapofunga breki, na mvua ikinyesha utateleza mapema kuliko ulivyozoea.

Muulizaji

Nashukuru sana. Kumbe nililaumu matairi bure, maana mara zote tatu nilikuwa nimeketi. Je, masanduku ya alumini niende nayo?

Jibu la kwanza

Yaache nyumbani, uchukue mifuko laini. Ukitoa mguu kujizuia mchangani, sanduku hukufuata kwa nyuma na kukubana muundi.