Mpangaji anaweza kutumia hoja gani kuchelewesha shauri la kumwondoa nyumbani?

Swali

Salaam kwenu nyote. Mpangaji wangu hajalipa kodi kwa miezi mitano. Nilimpa notisi, muda wake ukapita, nikafungua shauri nikiamini kwamba deni lenyewe lingetosha kulimaliza. Badala yake wakili wake ameleta pingamizi la awali (hoja ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa) kwamba notisi ina kasoro, pamoja na madai kinzani, yaani madai ya mpangaji dhidi yangu, kuhusu paa linalovuja, na shauri limekwisha kuahirishwa mara mbili. Naomba wanaoifahamu sheria wanieleze ni hoja zipi nyingine nizitarajie, na kama kuna mahali nilipokosea.

Jibu la kwanza

Pole kwa usumbufu, ndugu. Mimi ni wakili, nimesimama upande wa wenye nyumba na upande wa wapangaji pia, na nimeona kwamba ucheleweshaji mwingi huanzia kwenye karatasi za mwenye nyumba mwenyewe. Wakili wa mpangaji haanzi na deni, huanza na notisi: ataangalia kama siku zilizotolewa zinafikia zile zinazotakiwa na sheria na mkataba, kama majina ni sahihi, kama kodi imechanganywa na bili au faini zisizo kodi, na kama notisi ilimfikia mteja wake kwa njia inayokubalika. Kasoro moja ya msingi ikithibitika, shauri linaweza kutupwa bila deni kuguswa kabisa, nawe ukaanza kuhesabu siku upya.

Baada ya hapo tarajia hoja ya wito, yaani karatasi ya mahakama inayomwita ajibu shauri. Mpangaji ambaye hakufikiwa na wito, au anayedai hivyo, anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, iliyotolewa bila yeye kusikilizwa, itenguliwe, na mahakama kwa kawaida humsikiliza akionyesha pia kwamba ana utetezi wa kweli. Ndiyo maana ninasisitiza kiapo cha mpeleka wito kitaje siku, saa, mahali na mtu aliyepokea.

Madai kinzani yanahitaji uzito wake. Ikiwa paa linavuja kweli na ulikwisha kuarifiwa, mahakama inaweza kupunguza deni kwa kiasi cha hasara aliyoipata, na kulithibitisha hilo kunahitaji mashahidi, picha na muda. Katika mifumo mingi unaweza kuomba kodi ya miezi inayoendelea iwekwe mahakamani wakati shauri linasikilizwa. Ombi hilo humtofautisha mpangaji mwenye lalamiko la haki na yule anayetafuta muda tu. Hukumu ikitoka, bado anaweza kukata rufaa na kuomba utekelezaji usimamishwe, ingawa mara nyingi atatakiwa kuweka dhamana.

Swali langu kwako ni moja: je, umepokea fedha yoyote kutoka kwake tangu notisi iishe?

Jibu la pili

Nami niliwahi kuwa mpangaji katika shauri la namna hii, na sipendi utetezi wa mpangaji uitwe ujanja. Nilikuwa nimeandika barua tatu kuhusu maji yaliyokuwa yakiingia chumbani kwa watoto, na hazikujibiwa hadi niliposhitakiwa. Muda niliopata mahakamani ndio ulioniwezesha kutafuta makazi mengine. Nchi nyingine huuweka muda huo ndani ya sheria yenyewe: Ufaransa, kwa mfano, wapangaji kwa kawaida hawatolewi nje kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi, hata kama hukumu imekwisha kutolewa. Marekani nako, mpangaji akiomba kutangazwa mufilisi, mashauri mengi dhidi yake husimama mara moja, ila kinga hiyo hupungua sana ikiwa mwenye nyumba alikwisha kupata hukumu ya kurudishiwa nyumba.

Muulizaji

Nashukuru sana. Kwa kweli alinitumia kodi ya mwezi mmoja wiki mbili baada ya notisi kuisha, nami nikaipokea na kumpa risiti ya kawaida. Kuhusu paa, aliniarifu kwa ujumbe wa simu nami sikumjibu.

Jibu la kwanza

Basi hapo ndipo shauri lako lilipo dhaifu zaidi. Kupokea kodi ya kipindi kipya kwa risiti isiyo na masharti kunaweza kuchukuliwa kwamba umeufufua upangaji na kuiacha notisi yako. Mwombe wakili wako apime kama ni afadhali kuliondoa shauri mahakamani, utoe notisi safi na kulifungua upya, kuliko kupigania pingamizi miezi kadhaa na kushindwa. Litengeneze paa sasa, uhifadhi risiti za fundi, na fedha yoyote utakayopokea baadaye iandikiwe kwamba ni malimbikizo, bila kuathiri haki zako. Na tafadhali usibadilishe kufuli wala usimkatie maji kwa hasira: atapata zuio, yaani amri ya mahakama ya kukukataza, siku chache tu baadaye, pengine na fidia, na wewe ndiye utakayeshitakiwa.

Jibu la pili

Ongeza na upatanisho. Mimi nilikubali tarehe ya kuhama kwa maandishi, sehemu ya deni ikasamehewa, na makubaliano yakasajiliwa mahakamani. Hapakuwa na rufaa.