Wale wa matarumbeta mnaowajua, leo wamemwaga mate kwenye kiatu cha mama yangu

Wakuu, naandika bado nimevaa suti ya kamati, tai imenikaba na hasira zimenikaba zaidi. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa ma-MC.

Jina sitaji. Mnawajua. Mashati ya njano, kigari chao cha Kirikuu, na yule kiongozi mwenye tarumbeta lililobonyea mdomoni kama sufuria ya msibani. Moshi nzima inawajua, hadi Usa River huko.

Harusi ya dada yangu. Kazi yenyewe nyepesi: watoe maharusi kanisani, wazungushe msafara kipilefti cha YMCA, waingize watu ukumbini. Nyimbo za kuingilia mama wa bibi harusi zimejaa tele, hata mtoto wa chekechea anazijua. Jamaa kajiamulia leo anatupigia rock ya kizungu. Kawasha Bohemian Rhapsody ya Queen. Mama ndiyo anaingia mlangoni!

Kwa msioijua: ni wimbo wa 1975, unakaribia dakika sita, na pale unapoenda polepole kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu. Mama yangu anacheza na leso yake mkononi, hana habari. Wakwe wanaoujua wimbo wanatazamana. Mjomba soda imemtokea puani.

Hilo ningelimeza. Kufika kile kipande cha katikati cha makelele ya opera, wakapotea wote. Trombone limeelekea Himo, tuba limebaki Boma Ng'ombe, mpiga ngoma anaendelea tu kama analipwa kwa kilo. Jamaa kasimama. Kainamisha tarumbeta. Kabonyeza kile kichuma cha chini, kapuliza fuuu, MATE YOTE kwenye kiatu cha mama. Kiatu cheupe! Kisha kaendelea na wimbo palepale alipoachia!

Mate, wakuu. Kiatu cha mama. Mbele ya wakwe.

Kaka wa Kibosho: Weka video, la sivyo hii ni chai.

Mama Wawili: Pole mwaya. Mama alifanyaje?

Mleta mada: Kafuta kwa leso ileile ya kuchezea, kaendelea kucheza. Mimi ndiye niliyetaka kuzimia. Mate!

Sauti ya Nne: Siyo mate mkuu. Ni mvuke wa pumzi, ukipoa ndani ya bomba unakuwa maji. Usharikani kwetu tunamwaga kila baada ya wimbo.

Mleta mada: Pumzi ya nani? Si ya mtu? Si imetoka mdomoni? Basi ni mate. Na ninyi mnamwaga BAADA ya wimbo, yeye kamwaga katikati, juu ya mzazi.

Sauti ya Nne: Kwenye wimbo nakuunga mkono. Unaanzia ufunguo wa B flat, nyumbani kabisa kwa tarumbeta, hana kisingizio. Ila opera ile inahamia A, na ndipo wengi hufia. Queen wenyewe jukwaani kipande hicho walikuwa wanawasha kanda, wao wanaondoka zao. Sembuse watu wa Kirikuu.

Mpemba Mkavu: Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja mwaka 1946. Huo ni wimbo wa nyumbani. Mama kapewa heshima hamjui tu.

Mleta mada: Heshima ya mate?

Sakina kwa Chini: Bora yenu mmepigiwa Queen. Sisi Arusha jana msafara wa harusi umetufungia Mnara wa Saa, wanazunguka na kuzunguka, mimi nina trei za mayai kwenye bodaboda. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Mangi Mstaafu: Tarumbeta Kilimanjaro tumeletewa na Walutheri wa Kijerumani ili tumsifu Mungu. Leo mnazunguka nayo kipilefti. Mtakoma.

Meza ya Nyuma: Subirini kwanza. Mleta mada, wewe si wa kamati? Nilikuwepo leo. Yule mbuzi wa ndafu alienda wapi? Meza yetu tumeletewa sikio na kipande cha pua.

Mleta mada: Ndafu siyo mada.

Meza ya Nyuma: Ndafu NDIYO mada. Nimechanga, tena kadi ya double. Mke wangu amekula wali mkavu.

Mama Wawili: Heee! Kumbe ni ile harusi? Na soda zilikuwa za moto.

Kaka wa Kibosho: Sasa nimeamini, video siihitaji tena. Kamati imekula mbuzi halafu inamsingizia mpiga tarumbeta.

Mleta mada: Jamani, MATE!

Meza ya Nyuma: Paja la nyuma lilipita mbele yangu kwa macho haya, likaingia mlango wa jikoni, halikurudi.

Sakina kwa Chini: Mbuzi wa ndafu mnada wa Weruweru anaendaje siku hizi? Nina send-off mwezi ujao.

Mangi Mstaafu: Inategemea. Tafuta beberu aliyehasiwa, ndiye mwenye mafuta. Na uwahi, ukifika jua limepanda utabakiziwa majike.