Je, asiyenena kwa lugha hajapokea Roho Mtakatifu?

Muulizaji (Iringa)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nilibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri, na tangu niolewe mwaka juzi ninasali na mume wangu katika kanisa la Kipentekoste. Mwezi uliopita, katika mkesha wa maombi, niliitwa mbele pamoja na wenzangu watano ili tuombewe ubatizo wa Roho Mtakatifu. Wenzangu wote walinena kwa lugha, yaani walitamka maneno ya lugha wasiyojifunza, kabla ya usiku wa manane. Mimi niliombewa hadi karibu saa kumi alfajiri, na mzee mmoja akanielekeza nirudie neno moja upesi upesi bila kukoma mpaka ulimi ufunguke. Sikutaka kuigiza mbele za Mungu, nikanyamaza. Tangu siku hiyo nimesimamishwa kuimba kwaya hadi hapo nitakapojazwa. Naomba kujua: fundisho kwamba kunena kwa lugha ni dalili ya lazima limetoka wapi, na je, Wakristo wote wanaoiamini karama hiyo wanafundisha hivyo?

Mchungaji wa Kipentekoste (Mbeya)

Amina, dada. Pole sana. Mimi ninanena kwa lugha kwa zaidi ya miaka ishirini na sioni haya kusema kwamba maombi hayo yamenibeba katika misiba miwili, kwa hiyo usinisome kama mpinzani.

Kunena kwenyewe kuna umri wa Kanisa, lakini fundisho unaloliulizia ni la karne iliyopita. Charles Parham aliwapa wanafunzi wake wa chuo cha Biblia huko Topeka, Kansas, kazi ya kutafuta katika kitabu cha Matendo dalili ya ubatizo wa Roho, na tarehe 1 Januari 1901 mwanafunzi wake Agnes Ozman akanena kwa lugha. William Seymour, mhubiri mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, alilisikiliza fundisho hilo Houston akiwa ameketi nje ya mlango wa darasa, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, kisha mwaka 1906 akaongoza uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ambao kutoka hapo moto ulisambaa duniani. Kanisa la Assemblies of God liliandika mwaka 1916 kwamba kunena ndiyo ishara ya kwanza ya ubatizo huo. Lakini Seymour mwenyewe baadaye aliacha kuifanya lugha kuwa kipimo, akasisitiza upendo, na Wapentekoste wa Elim kule Uingereza hawakuwahi kudai kwamba ishara ni hiyo peke yake.

Ukiwauliza wazee wako kuhusu 1 Wakorintho 12:30, pale Paulo anapouliza kama wote wanena kwa lugha, watakujibu kwamba hapo anazungumzia karama ya kuhudumu kanisani, siyo ishara ya kwanza. Hoja hiyo si ya kubeza, nami niliifundisha kwa miaka mingi, ingawa leo naiona kuwa nyembamba mno kumzuilia mtu kuimba. Hilo la kurudia neno ndilo linaloniuma. Matendo 2:4 inasema walisema kwa lugha nyingine "kama Roho alivyowajalia kutamka". Ulifanya vema kunyamaza.

Mwana-karismatiki Mkatoliki (Moshi)

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki uamsho huu wa karama za Roho, unaoitwa wa karismatiki, ulianzia kwa wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, waliokwenda mafungo mwezi Februari 1967, na mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita akawapokea wana-karismatiki Roma wakati wa Pentekoste. Tunaamini kwamba Roho hutolewa katika Ubatizo na Kipaimara, kwa hiyo tunachokiita kujazwa ni kuamka kwa neema ambayo mtu anayo tayari. Katekisimu inaitaja karama ya lugha, tena inasema karama zote ni kwa ajili ya kulijenga Kanisa. Katika kikundi chetu wapo wanaonena na wapo wasionena, na wote huimba.

Mwadventista Msabato (Musoma)

Naomba kutofautiana kwa heshima. Sisi hatukatai karama ya lugha, ila tunaamini kuwa ni lugha halisi za watu, kama zile ambazo Waparthi, Wamedi na wengine walizisikia Yerusalemu. Parham naye aliamini hivyo, na baadhi ya wafuasi wake walisafiri ng'ambo wakitarajia kuhubiri bila kujifunza lugha za wenyeji, wakakuta hawaeleweki.

Mchungaji wa Kipentekoste (Mbeya)

Ni kweli, ndugu yangu, na historia hiyo tunapaswa kuikiri. Hata hivyo soma pia 1 Wakorintho 14:2, ambapo anenaye kwa lugha husema na Mungu, si na watu. Ndiyo maana Paulo anaagiza kwamba pasipo mfasiri mtu anyamaze kanisani, aseme na nafsi yake na Mungu.

Mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri (Bukoba)

Binti yangu, wazazi wangu waliokoka katika ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika kwetu Kagera. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mmoja wa ndugu hao. Walitubu hadharani, walirudisha walivyoiba, waliimba Tukutendereza, na kipimo chao kilikuwa kutembea nuruni na damu ya Yesu. Kunena kwa lugha hakukuwa sharti la kuitwa ndugu. Tena siku ya kipaimara chako uliwekewa mikono na kuombewa Roho Mtakatifu, na ombi lile halikuwa la mzaha.

Muulizaji (Iringa)

Nawashukuru nyote. Babu, hilo la kuwekewa mikono nilikuwa nimelisahau kabisa. Mchungaji, je, niwaendee wazee mwenyewe au niende na mume wangu?

Mchungaji wa Kipentekoste (Mbeya)

Nenda naye, dada, na mwonane kwanza na mchungaji peke yake kabla ya kikao cha wazee. Msomeeni Matendo 2:4, kisha mwombe akueleze ni andiko gani linalomzuia asiyenena kuimba kwaya.